Mzingefuri: mti mdogo wa kupamba uwanja wa nyumba

Kwa wenyeji wa Kama na wa vijiji vilivyo karibu na machimbo

Ndugu, katika vitabu vingine mmesoma habari za mpunga, mihogo, michikichi na karanga. Hizo ni kazi za shamba, nazo zinatangulia, kwa sababu mtu hawezi kupamba uwanja na tumbo lake li tupu. Lakini baada ya shamba kuna uwanja wa nyumba. Uwanja ndio mahali tunapokaa jioni, ndipo watoto wanapocheza, ndipo mgeni anapopokewa. Kitabu hiki kinaonyesha namna ya kupanda mti mmoja mdogo katika uwanja huo, mti wa maua mazuri na matunda mekundu, ambao mtu mmoja anaweza kuupanda kwa jembe moja na bila kutoa franka hata moja.

1. Mti wa picha na mti wa kwetu

Wengi wameona katika kalenda, au katika vitabu vya shule, picha ya nyumba ya Ulaya yenye mti mdogo mbele ya mlango. Mti huo una vishada vya matunda madogo mekundu, na ndege wanakula juu yake. Kwa Kifaransa unaitwa soribie. Watu wa nchi za baridi huupenda sana, kwa kuwa haukui kuwa mkubwa mno, hutoa maua meupe, na matunda yake hung'aa wakati majani ya miti mingine yanapoanza kuanguka. Watu huuliza: Je, na sisi tunaweza kuupanda?

Jibu ni hapana, na sababu yake yafaa kujulikana. Mbegu ya soribie haiamki mpaka ilale kwanza katika udongo wenye maji na baridi kali, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Huko kwao baridi hiyo huja kila mwaka. Katika Maniema haiji kamwe. Mbegu ikitiwa katika udongo wetu itangoja baridi isiyokuja, kisha itaoza. Na hata mche ukiletwa mkubwa, utakuwa kama mtu asiyepata usingizi: utachoka, kisha utakufa.

Basi hili ndilo fundisho la kwanza. Usichague mti kwa uzuri wa picha. Chagua mti ambao jua lako, mvua yako na udongo wako vinaukubali. Tunao mti wa namna hiyo, mdogo vilevile, wenye matunda mekundu vilevile. Ni mzingefuri.

2. Habari za mzingefuri

Kwa Kifaransa mti huu unaitwa rukuye. Watu wa Unguja na wa pwani huuita mzingefuri, na wengine husema mti wa rangi. Kwao kwa asili ni Amerika, katika nchi za joto na mvua. Wenye elimu ya mimea huuita Bixa orellana, na neno la pili ni kwa kumkumbuka Francisco de Orellana, Mhispania aliyesafiri na watu wake juu ya mto Amazon katika miaka ya 1541 na 1542. Wenyeji wa huko waliujua mti huu tangu zamani sana, wakajipaka rangi yake mwilini, kama wazee wetu walivyojipaka unga mwekundu wa mti wa msituni siku za sherehe.

Mzingefuri hauwi mrefu sana. Kwa kawaida hufika meta 3 hata 5, na ukikatwa kila mwaka hukaa chini ya hapo. Majani yake ni mapana, yenye umbo la moyo. Maua yake yana petali tano, na katikati kuna nyuzi nyingi kama brashi. Kila ua hufunguka asubuhi, na mara nyingi kabla ya jua kutua limekwisha anguka. Msihuzunike. Uzuri wa mti huu hauko katika maua tu, uko zaidi katika matunda. Matunda hukaa kwa vishada mwisho wa matawi, kila tunda limefunikwa na miiba laini isiyochoma, nayo hudumu juu ya mti majuma mengi.

Ziko namna mbili mtakazoziona. Namna moja ina maua ya rangi ya waridi, na matunda yake ni mekundu kama damu. Namna nyingine ina maua meupe, na matunda yake ni ya kijani. Mbegu za zote mbili zina rangi. Lakini kwa kupamba uwanja, chagua mbegu za mti wenye matunda mekundu.

Ukipasua tunda lililokomaa utakuta mbegu nyingi ndogo, mara nyingi thelathini au zaidi, zimezungukwa na nta nyekundu inayoshika vidole. Nta hiyo ndiyo rangi.

3. Faida zake, na mipaka ya faida hizo

Yafaa kusema kweli kabla ya kushika jembe. Mzingefuri si chakula, wala hautamfanya mtu awe tajiri. Anayetaka chakula karibu na nyumba apande mpapai, mndimu na migomba. Faida za mzingefuri ni hizi:

Kwanza, unapamba. Nyumba ya udongo iliyo na miti miwili safi mbele yake ina heshima kuliko nyumba ya mabati iliyo juu ya uwanja mtupu.

Pili, unatoa rangi kwa nyuzi za mwale za kusuka mikeka na vikapu, na rangi ya kupakaza mafuta ya chakula.

Tatu, ukipandwa kwa mstari na kukatwa, unakuwa ua la kuzunguka nyumba.

Nne, nyuki huufuata kwa ajili ya unga wa maua yake. Mwenye mzinga atafurahi.

Tano, gome lake hutoa nyuzi za kufungia mizigo.

Sita, mizizi yake na majani yanayoanguka hushika udongo wa uwanja usiende na mvua. Faida hii ya sita ni kubwa kwetu kuliko zote, na tutaieleza katika sehemu inayofuata.

Katika nchi nyingine mti huu ni mali ya biashara. Pwani ya Kenya, upande wa Kwale na Lamu, wakulima huuza mbegu zake. Brazil na Peru wanazo nyingi. Rangi hiyo hutiwa katika jibini, siagi na margarini. Ukisoma maandishi ya kopo ukaona alama E160b, ujue ndiyo rangi ya mzingefuri. Lakini usifyeke msitu kupanda shamba kubwa la mzingefuri kwa kuwa umesikia habari hizi. Kwanza mwone mnunuzi kwa macho yako, jua bei, jua njia ya kupeleka mzigo. Miti miwili au mitatu ya uwanjani haihitaji mnunuzi.

4. Kwa nini mti katika nchi ya machimbo?

Watu wengine husema: "Bwana Monitere, sisi ni watu wa shimo. Leo tuko hapa, kesho madini yakionekana Kalima au Kailo tunakwenda. Mti wa nini?"

Tuwajibu kwa habari zinazojulikana. Kampani ya Symetain ilianzishwa mwaka 1932 kuchimba bati ya Maniema. Mwaka 1976 Symetain na kampani nyingine ziliunganishwa, zikawa SOMINKI. Mwezi wa kumi wa mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka katika masoko ya dunia, na kazi kubwa za mashine zikaanza kufa. Hakuna mtu wa Kama aliyefanya kosa. Bei ilianguka London, na njaa ikaingia kwetu. Mwaka 1997 SOMINKI ikamalizika, ikaja SAKIMA. Leo wengi huchimba kasiteriti kwa jembe, chepe na karai. Hivyo, katika muda wa maisha ya mzee mmoja, majina ya kampani yamebadilika mara nyingi, na bei imepanda na kushuka. Waliobaki katika taabu hizo zote ni wake, watoto, wazee, na udongo wa kijiji.

Sasa utazameni udongo huo. Mahali pa machimbo udongo mweusi wa juu huondolewa ili kufikia changarawe yenye madini. Changarawe ikisha kuoshwa hutupwa, na udongo mweusi umekwenda na mto. Lakini si machimbo peke yake yanayoharibu. Angalieni kuta za nyumba za zamani. Mara nyingi utaona kwamba msingi umetoka nje, na mlango uko juu ya uwanja kama kitanda. Je, nyumba imepanda? Sivyo. Uwanja umeshuka. Kila asubuhi tunafagia, kila jioni ya mvua maji ya paa yanaanguka juu ya udongo mtupu na kuuchukua. Kidogo kidogo, kwa miaka kumi, tumefagia uwanja wetu mpaka mtoni.

Kufagia si kubaya. Kunafukuza nyoka na uchafu. Lakini yafaa kuwa na mahali ndani ya uwanja ambapo udongo unashikwa: hapa mti, pale mti, na chini ya kila mti duara la majani makavu lisilofagiwa. Maji yakifika hapo hupunguza mwendo na kuingia chini.

Tena, anayeondoka kwenda shimoni hupeleka mikono yake, lakini nyumba yake inabaki. Mti ulio mbele ya mlango utatunzwa na mke na watoto kwa kazi ya dakika chache. Akirudi na fedha, ni vizuri. Akirudi mikono mitupu, kama wengi wanavyorudi, atakuta kitu kimoja kilichokua wakati alipokuwa hayupo.

5. Kupata mbegu na kuotesha miche

Tafuta mti mzuri katika kijiji au katika uwanja wa misioni, uombe ruhusa kwa mwenyewe. Chukua matunda yaliyokomaa na kuanza kukauka juu ya mti, kabla hayajapasuka kabisa. Yasiyokomaa hayafai. Mbegu ya mwaka jana pia haifai sana, kwa maana nguvu ya kuota hupungua upesi. Otesha mbegu mpya.

Panda mbegu katika kitalu mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita, kusudi miche iwe tayari mvua zitakaporudi mwezi wa tisa. Fanya hivi:

(a) Loweka mbegu katika maji usiku mmoja, kisha uzisugue na mchanga ili nta itoke. Vaa nguo ya kazi, kwa maana rangi hii haitoki vizuri katika kitambaa.

(b) Jaza udongo mweusi wa msituni, uliochanganywa na mchanga kidogo, katika vikapu vidogo vya majani ya migomba, au katika mifuko ya plastiki iliyotobolewa chini. Matundu ni ya lazima, kwani mzizi uliozama katika maji hauvuti hewa, nao huoza.

(c) Tia mbegu mbili katika kila kikapu, uzifunike kwa udongo wa unene wa sentimeta moja tu. Mbegu ndogo ikizikwa chini sana, chakula chake kinakwisha kabla haijafika juani.

(d) Weka kitalu chini ya paa dogo la majani ya michikichi, meta moja juu ya ardhi. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, kwa sababu ni kiangazi.

(e) Mbegu zitaanza kuota baada ya siku saba hata kumi, nyingine zitakawia mpaka juma la tatu. Miche ikiwa na majani manne, acha ule wenye nguvu, ung'oe mwingine.

(f) Mwezi mmoja kabla ya kuhamisha, ondoa majani ya paa kidogo kidogo, juma kwa juma. Mche uliozoea kivuli ukitupwa juani siku moja, majani yake huungua.

Baada ya miezi mitatu au minne mche utakuwa na kimo cha sentimeta 25 hata 30. Huo ndio wakati wake.

Iko njia nyingine, ya kukata kijiti. Kata tawi lililokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimeta 30. Lisimamishe katika udongo wa kitalu, nusu chini na nusu juu, katika kivuli na maji. Mti wa kijiti huzaa mapema, na rangi ya matunda yake ni sawasawa na ya mama yake. Mti wa mbegu huweza kutoka tofauti na mama, lakini mizizi yake hushika ardhi vizuri zaidi. Kwa uwanja unaoteremka, otesha mbegu.

6. Kuchagua mahali

Mzingefuri unataka jua. Chini ya mwembe mkubwa utaishi, lakini hautatoa maua. Unataka pia udongo usiotuama maji. Usiupande bondeni penye matope.

Toka ukutani, hesabu meta 3 au 4, ndipo upande. Kati ya mti na mti acha meta 4. Ukitaka ua la kuzunguka, acha meta moja tu kati ya mche na mche. Usipande chini ya maji ya paa yanapoanguka, kwani yatachimbua mizizi. Wala usipande penye ukingo wa shimo la zamani la madini. Ukingo huo huanguka bila kutoa habari, na mtoto anayefuata matunda mekundu ataanguka nao. Mashimo yaliyo karibu na nyumba yafukiwe kwanza, maana maji yanayosimama ndani yake huzaa mbu, na mbu wa malaria huleta homa nyumbani.

7. Shimo na udongo

Chimba shimo majuma mawili au matatu kabla ya kupanda, sentimeta 60 upana na 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ulio mweusi, uweke upande wa kuume. Udongo wa chini, ulio mwekundu au mweupe, uweke upande wa kushoto. Usivichanganye. Udongo wa juu una majani yaliyooza na wadudu wadogo wanaolisha mti. Wa chini hauna chakula kingi.

Wakati wa kujaza, anza na udongo mweusi uliochanganywa na vikapu viwili vya mbolea ya mbuzi au ya kuku iliyokwisha oza, pamoja na konzi mbili za majivu ya jikoni. Mbolea mbichi huunguza mizizi. Majivu hupunguza ukali wa udongo wetu, kwa maana mvua nyingi za nchi hii huosha chumvi nzuri za ardhi na kuacha ukali.

Kama nyumba yako imejengwa juu ya changarawe iliyotupwa na machimbo, utachimba na kukuta mawe matupu. Usikate tamaa, ila kazi itaongezeka. Chimba shimo lenye upana wa meta moja. Tupa changarawe. Lete udongo mweusi kutoka shamba lililolala, vikapu kumi au kumi na tano, na takataka za jikoni zilizooza: maganda ya ndizi, majani ya mihogo, pumba za mpunga. Watoto wa nyumba moja, kila mmoja akileta kikapu kimoja akirudi kutoka shamba, watalijaza katika majuma mawili. Lakini usichukue udongo wote mahali pamoja, usije ukatengeneza uwanja kwa kuharibu shamba.

8. Siku ya kupanda

Panda katika mwezi wa tisa au wa kumi, mvua zikisha kuwa za kweli. Mvua moja ya kwanza si masika. Ngoja ardhi ilowe mpaka chini. Chagua jioni, au siku ya mawingu.

Kata mfuko au chana kikapu bila kuvunja bonge la udongo. Simamisha mche, na shingo yake, yaani mahali shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi. Ikizikwa itaoza, ikiachwa juu mizizi itakauka. Jaza udongo, ukandamize kwa mikono, siyo kwa kuruka na miguu. Tia maji ndoo moja, hata kama mvua ipo, kusudi udongo ushikane na mizizi.

Kisha funika ardhi kuzunguka mche kwa majani makavu, unene wa kiganja. Majani yasiguse shina, acha nafasi ya vidole vinne, kwa maana mchwa hupanda juu ya majani na kula gome.

Sasa jenga uzio wa vijiti kuzunguka mche. Hili usiliache hata siku moja. Mbuzi hangoji kesho.

9. Kutunza

Mwaka wa kwanza palilia duara la meta moja, ongeza majani makavu, na katika kiangazi cha mwezi wa sita, wa saba na wa nane umpe mche ndoo moja mara mbili kwa juma. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Maji yenye sabuni nyingi hayafai.

Mche ukifika kiunoni pa mtu, kata ncha yake kwa kisu kikali. Watu huogopa kufanya hivi, wakidhani wanauumiza. Lakini ncha ndiyo inayozuia matawi ya kando. Ikikatwa, macho ya chini huamka, na mti hutoa matawi matatu au manne badala ya shina moja refu kama fimbo. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na mti ni hivyo.

Kila mwaka, baada ya kuvuna, kata matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea ndani. Upepo upite katikati. Maua hutoka mwisho wa matawi mapya, kwa hiyo mti usiokatwa huzaa juu tu, mahali mkono haufiki.

Kama ukungu mweupe kama unga unaonekana juu ya majani machanga, ni ugonjwa wa unyevu. Kata sehemu zilizoshikwa, uzichome mbali, uongeze nafasi ya upepo. Mchwa wakija, vunja njia zao za udongo juu ya shina, uondoe miti mikavu iliyo karibu. Usinyunyize dawa kali usiyoijua katika uwanja ambamo watoto wanatambaa na kuku wanadonoa.

10. Kuvuna na kutumia rangi

Mti wa mbegu huanza kutoa maua katika mwaka wa pili au wa tatu. Usitazame kalenda, tazama tunda. Likiacha wekundu wake na kuwa la kahawia, na miiba ikianza kuvunjika kwa kidole, lima kishada kwa kisu. Acha vishada vingine juu ya mti kwa ajili ya uzuri, lakini vile ulivyokata vianike juu ya mkeka mpaka matunda yapasuke. Yapige polepole kwa fimbo, upepete, kisha uweke mbegu katika chombo kikavu chenye giza. Mwanga wa jua huila rangi hii.

Rangi ya mzingefuri haipendi maji matupu. Hutoka katika mafuta, au katika maji ya majivu. Kwa hiyo:

Kwa chakula: tia vijiko viwili vya mbegu safi katika kikombe kimoja cha mafuta ya karanga. Weka juu ya moto mdogo kwa dakika chache tu, mpaka mafuta yawe mekundu ya dhahabu, kisha uchuje. Moto mkali hugeuza rangi kuwa ya kahawia na kuleta uchungu.

Kwa nyuzi za mwale: pitisha maji katika majivu ya kuni, uyachuje. Chemsha mbegu zilizopondwa ndani yake, kisha uzamishe nyuzi na kuzigeuza mpaka zishike. Jaribu kwanza kwa nyuzi chache. Mkeka wa rangi hii ukae ndani ya nyumba, kwa maana juani utapauka.

Na neno moja la haki: mtu asitie rangi hii katika mafuta ya mawese yaliyozeeka ili kuyauza kama mapya. Rangi haiondoi ubovu. Atakayeyala ni mtoto wa jirani.

11. Kazi kwa miezi

Mwezi wa 5 na wa 6: kutafuta mbegu, kuziotesha.
Mwezi wa 7: kumwagilia kitalu.
Mwezi wa 8: kumwagilia, kuchimba mashimo, kupunguza kivuli.
Mwezi wa 9 na wa 10: kupanda, kujenga uzio.
Mwezi wa 11 hata wa 4: kupalilia, kuongeza majani makavu, kukata ncha.
Baada ya kila mavuno: kukata matawi.

Ndugu, hizo ndizo kazi zote. Hakuna hata moja inayohitaji mashine au kampani, na hakuna bei ya London inayoweza kuizuia. Mwaka huu otesha mbegu kumi. Miche mitano ikifa, miwili panda kwako, na mitatu iliyobaki umpe jirani, kusudi akusaidie kuwafukuza mbuzi.